Vijana Wapewe Safari, Si Hukumu Tu

KAKESIO ni kata iliyo pembezoni mwa Tarafa ya Ngorongoro, upande wa kusini-magharibi, kuelekea Maswa na Meatu. Mgeni wa kawaida hafiki huko. Magari ya watalii hukomea kreta, au hupita moja kwa moja kwenda Serengeti. Lakini jirani na Kakesio, upande wa Endulen, pako mahali paitwapo Laetoli, na jina hilo linajulikana kwa wasomi wa dunia nzima. Mwaka 1978 watafiti walioongozwa na Mary Leakey walikuta huko nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Wawili walipita sambamba, mmoja mkubwa na mwingine mdogo. Wa tatu alipita akikanyaga ndani ya nyayo za yule mkubwa.

Hatudai kujua walikuwa nani, wala walikuwa wakienda wapi. Lakini hakuna mzazi atakayeziona nyayo hizo asikumbuke jinsi mtoto anavyomfuata mkubwa wake, akipima unyayo wake katika unyayo uliotangulia. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumzia leo: namna kijana anavyokua akawa mtu mzima, na namna vitabu vyetu vya Kiswahili vinavyomsaidia, au vinavyoshindwa kumsaidia, katika safari hiyo.

Kwa Wamaasai, ambao ndio wakazi walio wengi wa Kakesio, kukua hakukuachwa kuwa jambo la bahati nasibu. Layoni alianza kwa kuchunga ndama na mbuzi, kisha akakabidhiwa ng'ombe. Alipotahiriwa aliingia katika rika lenye jina lake, na jina hilo alidumu nalo mpaka mwisho wa maisha yake. Akawa morani kwa miaka kadhaa. Katika miaka hiyo hakuruhusiwa kula peke yake. Maziwa na nyama alishiriki na wenzake. Tena hakulelewa na baba yake mzazi tu. Rika zima la wazee, lililowatangulia vijana kwa hatua mbili, lilikuwa na wajibu wa kuwafunza, kuwakemea na kuwabariki. Hatimaye ilifika eunoto, sherehe ambayo mama humnyoa mwanawe nywele ndefu za umorani. Kijana aliyesimama imara mbele ya kisu cha tohara huweza kulia hadharani siku hiyo ya kunyolewa, wala hakuna amchekaye.

Hatusemi kwamba utaratibu huo haukuwa na ukali. Mvulana aliyepepesa macho alipotahiriwa aliiletea jamaa yake aibu. Lakini hata hapo, kisu kilikuwa mwanzo wa malezi marefu, hakikuwa mwisho wake. Mwaka 2018 Shirika la UNESCO, kwa maombi ya Kenya, liliziingiza sherehe tatu za Kimaasai, yaani enkipaata, eunoto na olng'esherr, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kitu hakiwekwi katika orodha ya namna hiyo kama kiko salama.

Kwa msichana mambo yalikuwa vingine. Yeye hakuwa na rika lake rasmi kama kaka yake. Alikuwa mtoto, kisha akawa mke, na baina ya hatua hizo mbili hakukuwa na miaka ya kupumua. Ukeketaji, uliokuwa ndio mlango wa kuingilia ndoa, umekatazwa kwa watoto wa kike na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Ndoa za mapema nazo zimepigwa vita mahakamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, hali mvulana alitakiwa kufikisha miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Maana ya hukumu hizo, kwa lugha ya kawaida, ni kwamba msichana naye anastahili kupewa muda wa kukua.

Muda ni jambo moja. Kuujaza muda huo kwa mafunzo ni jambo lingine. Zamani kijana wa Kakesio aliketi na wazee penye moto wa boma. Siku hizi, akiwa na bahati ya kusoma, hulala bwenini mbali na nyumbani, na wazee wa rika hawamfikii. Mwalimu ana wanafunzi wengi na mtaala mrefu. Anayebaki kuzungumza naye kwa utulivu, saa za jioni, ni kitabu. Ndiyo maana tunasema kwamba riwaya na tamthilia ya vijana si anasa ya watu wa mijini. Imerithi sehemu ya kazi ya wale wazee. Basi hatuna budi kuuliza inaifanyaje kazi hiyo.

Tukivitazama vitabu ambavyo vijana wa Tanzania wamevisoma zaidi shuleni kwa miaka mingi, tunaona jambo moja linalorudiwa. Mwaka 1971, mwaka ule ule wa Sheria ya Ndoa, Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Ni habari ya msichana wa Ukerewe ambaye baba yake, Zakaria, anamchunga kwa ukali nyumbani huku yeye mwenyewe akishindwa kuitawala chupa. Rosa anapofika mbali na macho ya baba yake hajui afanye nini na uhuru wake, kwa kuwa hakufunzwa kuutumia. Anapotea, na mwisho anajiua. Kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, kisha baadaye kikawa miongoni mwa vitabu vya kufundishia kidato cha tano na sita. Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa ameona mbali. Alisema waziwazi kwamba kumfungia kijana si kumlea. Wakubwa waliokipiga marufuku kitabu chake walifanya kosa lile lile la Zakaria.

Miaka ishirini na minne baadaye, mwaka 1995, ikaja tamthilia ya Kilio Chetu, iliyotolewa na Medical Aid Foundation wakati janga la UKIMWI lilipokuwa likiwatisha wazazi wote. Humo Joti anakufa na Anna anabaki na mimba, kwa sababu wazazi waliona haya kuzungumza na watoto wao. Katika Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, watoto wa mama anayeuza chakula wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, wakaishia kutafuta riziki jalalani.

Hivi ni vitabu vya kweli, na vimeandikwa kwa uchungu wa kweli. Hatuvidharau hata kidogo. Viliwasema wazazi walevi, viongozi wazembe na jamii iliyokaa kimya, navyo vilistahili kusomwa. Lakini kijana anayevisoma kimoja baada ya kingine anajifunza somo ambalo huenda waandishi hawakulikusudia: kwamba ujana ni mtego, na kwamba anayekosea mara moja amekwisha. Kosa la kwanza ndilo kaburi lake. Katika vitabu hivyo kijana hupewa hukumu kabla hajapewa safari.

Maisha yenyewe hayako hivyo. Wasichana wengi waliokatishwa masomo kwa ajili ya mimba hawakufa. Wamelea watoto wao, wamefanya biashara, na tangu Novemba 2021, Serikali ilipowaruhusu kurudi shuleni, baadhi yao wamerudi darasani. Je, riwaya ya msichana huyo iko wapi? Nani amesimulia asubuhi ya kwanza anapovaa tena sare, mtoto akiwa amemwacha kwa bibi, huku wenzake wakinong'ona nyuma yake? Nani amesimulia jinsi anavyoyatafuna maneno yao siku baada ya siku mpaka yakakosa ladha? Sheria imemfungulia mlango. Bado hadithi haijamshika mkono.

Tunao mfano unaoonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Mwaka 1996 Ken Walibora, Mkenya aliyefariki mwaka 2020, alichapisha riwaya ya Siku Njema. Msimulizi wake, Kongowea Mswahili, anazaliwa Tanga, mwana wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, pasipo kumjua baba yake. Mama anapofariki, mtoto anabaki na fumbo la asili yake, na katika kulifumbua anavuka mpaka kwenda Kenya hadi Kitale. Anadhulumiwa, anadanganywa, anakata tamaa, tena anainuka. Msomaji anapofunga kitabu hicho anamwona mtu mzima mahali pale alipokuwa amemwona mtoto, na anaweza kueleza hatua kwa hatua jinsi mabadiliko hayo yalivyotokea. Vijana wa Kenya na wa Tanzania wamekipenda kitabu hicho kwa sababu hakiwatishi. Kinafuatana nao.

Kiko pia Takadini cha Ben Hanson, kilichosomwa sana katika kidato cha tatu na nne. Mtoto mwenye ualbino, aliyehukumiwa kufa tangu kuzaliwa, anaokolewa na mama yake, Sekai, anafunzwa na mzee Chivero, anapendwa na Shingai, na anakuwa mtu kati ya watu. Kitabu hicho kimewafaa vijana wetu. Hata hivyo, hatuna budi kuona kwamba mandhari yake ni Zimbabwe, kama ambavyo mwandishi wa Siku Njema alikuwa Mkenya. Tunafurahi kula kwa jirani. Lakini nyumba ambayo kila siku hula kwa jirani ijiulize kama jikoni kwake kuna moto.

Swali hilo linatia uchungu zaidi tukirudi Ngorongoro. Kitabu cha kijana wa nchi hii aliyekua kipo. Tepilit Ole Saitoti, Mmaasai aliyezaliwa Tanganyika, alisimulia maisha yake mwenyewe: utoto wa kuchunga, kuingizwa shule, tohara, umorani, na masomo yaliyomfikisha hadi Marekani. Kitabu chake kiliandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa New York mwaka 1986. Sehemu yake inayoeleza tohara imechapwa tena katika mikusanyo ya masomo ya wanafunzi huko Marekani. Kwa hiyo mwanafunzi wa ng'ambo ameweza kukaa darasani akajadili hofu ya mvulana wa Kimaasai usiku wa kuamkia kutahiriwa, na maneno ambayo baba alimwambia mwanawe. Je, mwanafunzi wa shule ya msingi Kakesio, ambaye hofu hiyo ni yake mwenyewe, amepata kukisoma kwa lugha anayofundishiwa?

Hatumlaumu Ole Saitoti. Aliandika, naye alifanya vyema. Tunalolisema ni kwamba mambo ya kwetu yanayopitia mlango wa ng'ambo tu hurudi yakiwa maonyesho. Mgeni huitazama eunoto kupitia kioo cha kamera. Huona mruko, shanga na rangi nyekundu, akaondoka. Haoni mashaka ya kijana aliyefaulu mtihani wa darasa la saba ilhali rika lake linamwita. Haoni kijana aliyeuacha umorani nyumbani akawa mlinzi wa usiku Arusha, au msusi wa nywele Dar es Salaam na Zanzibar, akisuka vichwa vya wanawake asiowajua ili atume fedha za kununulia mtamba. Yule kijana ana mambo mengi ya kusimulia kuliko simba yeyote wa kwenye picha za watalii.

Tena kuna jambo la siku hizi. Tangu mwaka 2022 baadhi ya familia za Tarafa ya Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga, na mjadala juu ya kuhama na kubaki umewagawa watu waliokula chungu kimoja. Wazee wao walikwisha kuhamishwa mara moja, mwaka 1959, walipoondolewa Serengeti wakaletwa Ngorongoro. Mabishano ya ardhi yana mahali pake, nasi hatuyaamui hapa. Tunamfikiria mtoto aliyekuwa na miaka kumi na mitatu mwaka 2022. Rafiki yake wa kuchunga naye amekwenda Msomera, yeye amebaki, au kinyume chake. Nani atakuwa wa rika lake siku ya sherehe? Atamwitaje rafiki ambaye baba yake na baba yake mwenyewe hawasalimiani? Leo kijana huyo yuko mlangoni mwa utu uzima. Ripoti nyingi zimeandikwa juu ya ng'ombe wake na nyasi zake. Moyo wake haujapata mwandishi.

Mohamed Suleiman Mohamed aliwahi kufanya jambo la namna hiyo kwa Zanzibar. Katika Nyota ya Rehema, iliyotoka mwaka 1976, tunamwona msichana akikua katika nyumba isiyomtaka, na kupitia maisha yake tunalielewa suala la ardhi ya Unguja kuliko tungeambiwa kwa hotuba. Hiyo ndiyo nguvu ya riwaya ya kukua. Kijana mmoja anapokua mbele ya macho yetu, nchi nzima inaonekana nyuma yake.

Wako watakaosema kwamba vijana hawasomi siku hizi, kwamba simu imewateka. Jibu letu ni kwamba wanasoma sana humo humo kwenye simu, tena hadithi za kila aina zinazotolewa sehemu kwa sehemu, nao huzisubiri kwa hamu. Kiu ipo. Asiyewapa maji safi asishangae wakinywa ya bwawani.

Wako pia watakaosema kwamba kuandika habari ya kijana aliyekosea akasamehewa ni kumfundisha kukosea. Neno hilo lilisemwa juu ya Rosa Mistika, na halikumwokoa msichana hata mmoja. Kijana hahitaji kitabu ili ajue njia ya kupotea. Njia hiyo anaijua. Anachohitaji kuonyeshwa ni njia ya kurudi, urefu wake na gharama yake. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Lakini katika vitabu vyetu vingi anayeteleza haruhusiwi hata kupapasa ukuta.

Basi nini kifanyike? Kwanza, tunawaomba waandishi, hasa vijana waliotoka katika jamii za wafugaji na wawindaji, waandike. Wamaasai, Wadatoga na Wahadzabe wana haki ya kusimulia kukua kwao kwa Kiswahili, lugha iliyowaunganisha na Watanzania wengine, bila kusubiri mgeni awafanyie kazi hiyo. Wasiogope kuingiza majina ya kwao ya marika, ya malisho na ya ng'ombe. Kiswahili kimemeza maneno ya Kiarabu, Kireno na Kiingereza bila kukabwa; hakitakabwa na ya Kimaasai.

Pili, tuzo zetu zilitazame kundi hili. Tuzo ya Burt, iliyoanza hapa nchini mwishoni mwa muongo wa 2000, ilizawadia hadithi za vijana zilizoandikwa kwa Kiingereza, kwa nia njema ya kumsaidia mwanafunzi anayeingia sekondari. Lakini kwa nia hiyo njema mwandishi wa vijana alifundishwa kwamba fedha ziko upande wa Kiingereza. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, ni hatua kubwa ya kuirekebisha hali hiyo. Tunaomba iipe riwaya ya vijana uzito ule ule inaoupa ya watu wazima. Mtu wa miaka kumi na sita si mtoto wa kusimuliwa habari za sungura, wala si mzee wa kufumbiwa falsafa.

Tatu, wanaochagua vitabu vya kufundishia wakumbuke mizani. Kwa kila kitabu kinachomwonya kijana, kiwepo kimoja kinachofuatana naye. Na chenye maana kama kile cha Ole Saitoti kiwe na tafsiri ya Kiswahili itakayofika darasani kwa bei nafuu.

Nne, kitabu kifike. Kampeni ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970 iliambatana na maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini, kwa sababu viongozi wa wakati ule walielewa kwamba aliyejua kusoma akakosa cha kusoma atasahau. Halmashauri zetu zinajenga madarasa, na tunazipongeza. Zitenge na kabati moja katika kila bweni, nalo lisifungwe kwa kufuli hadi siku ya mgeni rasmi.

Mwisho, tunawageukia wazee wa Kakesio na wa kila mahali. Kitabu hakikuja kuwanyang'anya kazi. Mwandishi wa kesho atahitaji mtu wa kumweleza usiku wa kabla ya tohara ulikuwaje, mama alisema nini aliposhika wembe wa kunyolea, na binti aliyekataa kuolewa miaka hiyo alikwenda wapi. Mambo hayo yako vifuani mwenu, na vifua havidumu. Zile nyayo za Laetoli zimebaki kwa sababu majivu mengine yaliziangukia na kuzifunika mapema, kabla upepo na mvua havijazifuta. Zenu zisimulieni sasa, vijana waziandike, na wadogo zao wapate pa kukanyaga.